Ngoro za Umatengo: Mirathi ya Wakulima wa Milimani

Msafiri atokaye Songea akashika njia ya magharibi hata Mbinga, mwendo wa kilomita 100 hivi, huanza kwa kupita nchi ya miinuko ya taratibu na misitu ya miyombo, kisha pole pole hujikuta yumo katika milima iliyosongamana, yenye mabonde membamba na vijito vingi. Na endapo amefika huko mwezi wa Machi au Aprili, mvua zinapokaribia kwisha, ataona jambo litakalomsimamisha. Ubavu mzima wa mlima, toka juu hata karibu na mto, umejaa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, na kila shimo limezungukwa na tuta pande zake zote nne, hata mlima huo kwa mbali huonekana mfano wa jarife la wavuvi lililoanikwa juani. Mgeni atauliza ni kazi gani hii na ilifanywa na jeshi la nani. Mwenyeji atamjibu kwa neno moja tu: ngoro. Nazo hazikufanywa na jeshi lolote, bali na baba na mama wa nyumba hizi hizi zinazofuka moshi kando ya migomba.

Siku hizi habari ya mabadiliko ya tabia ya nchi imo vinywani mwa watu wote, na haki yake iwe hivyo. Mvua huchelewa hata mbegu ikaliwa na mchwa ardhini. Ikija huja kwa ghadhabu, siku mbili tatu, ikachukua udongo na mche pamoja. Kisha hukatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachanua. Wataalamu hukutana, mipango huandikwa, na katika mipango hiyo mkulima mdogo hutajwa aghalabu kama mgonjwa amngojaye tabibu. Sikatai kwamba taabu yake ni kubwa, wala sisemi kwamba elimu mpya haina nafasi. Walakini historia ya nchi yetu yatoa ushahidi kwamba mkulima huyu amekuwa tabibu wa shamba lake mwenyewe kwa muda mrefu, na kwamba kila mara alipodharauliwa hasara ilitufika sote. Na katika ushahidi huo, hakuna ulio dhahiri kuliko ngoro za Wamatengo.

Umatengo ni nchi ya milima iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma wa leo. Sehemu zake za chini zina kimo cha mita 900 hivi juu ya bahari, na za juu hukaribia mita 2,000. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza Novemba ikaendelea hata Aprili au Mei, na katika miezi hiyo hunyesha zaidi ya milimita 1,000. Asiyelima ataiita hiyo neema tupu. Mkulima, ambaye hulitazama wingu kwa matumaini na kwa hofu kwa wakati mmoja, ajua kwamba mvua nyingi juu ya mteremko mkali ni mtihani, kwa sababu maji yapatapo njia ya kukimbia hayakimbii peke yake: hukimbia na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na baada ya miaka michache humwachia mwenye shamba mawe na udongo mwekundu usiozaa. Kisha itakuja miezi sita ya kiangazi, na mlima uliokosa udongo hauna mahali pa kuweka akiba ya maji. Hivyo mkulima wa milimani ana maadui wawili wanaopokezana, maji mengi na ukosefu wa maji, na hana budi kupata silaha moja itakayowafaa wote wawili.

Silaha hiyo haikupatikana katika raha. Zamani Wamatengo walikuwa wametawanyika katika nchi pana kuliko ile waliyobanwa ndani yake baadaye, na kama jirani zao wengi walilima kwa kuhamahama: hufyeka msitu, huchoma, hulima mpaka udongo uchoke, kisha huuacha upumzike wakaenda mbele. Kilimo cha namna hiyo si ujinga, kama wengi walivyozoea kusema. Ni hesabu njema kwa mtu mwenye ardhi kubwa na mikono michache. Lakini katikati ya karne ya 19 hesabu hiyo ilivurugika. Wangoni, ambao walikuwa wamevuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba na kufika hata Ufipa alikofia kiongozi wao, waligawanyika makundi, na baadhi yao wakaja kusimamisha tawala zao katika nchi ya Songea. Walikuwa watu wa vita waliopangwa kwa vikosi, na jirani wasiokuwa na mpango kama huo waliona cha mtema kuni: mifugo ilitekwa, nafaka zikachukuliwa, vijana na wanawake wakapelekwa utumwani. Wamatengo walikimbilia milimani, upande wa Litembo na vilele vilivyo jirani, mahali penye mapango na majabali ambapo wachache waliweza kujilinda dhidi ya wengi.

Mlima uliwapa usalama, ila haukuwapa nafasi. Watu wengi walijikuta katika eneo dogo lenye miteremko mikali, hawana msitu mwingine wa kuuendea shamba likichoka, nao ilibidi wale leo na kesho na mwaka ujao kutoka katika udongo ule ule. Wanahistoria wengi waona kwamba dhiki hiyo ndiyo iliyoifanya ngoro kuwa msingi wa maisha yao. Kama mbegu ya maarifa hayo ilikuwapo kabla ya vita, basi ni vita vilivyoipa sababu ya kuota na kuenea. Ndipo tunapojifunza jambo la kwanza: haja ya kubadili kilimo ili chakula kisikatike haikuzaliwa katika karne yetu. Waliotutangulia walipatwa na mabadiliko ya ghafula kuliko haya yetu, tena bila ya bwana shamba, bila ya redio na bila ya ruzuku, nao wakapata tadbiri.

Yafaa sasa tuitazame ngoro kwa karibu, maana ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kazi huanza mwezi wa Machi, shambani pakiwa na nyasi ndefu zilizoota wakati ardhi ikipumzika. Wanaume hushika mafyekeo wakazikata nyasi hizo na kuziacha chini zinyauke. Baada ya siku kadhaa huzikusanya wakazilaza kwa mistari, mingine ikifuata mteremko na mingine ikiukata, hata uso wa mlima ukagawanyika vyumba vidogo vya pande nne, kila upande una urefu wa mita moja na nusu, pengine mbili. Hakuna kamba wala kipimo cha chuma. Jicho la mlimaji ndilo fundi, na mazoea ndiyo kipimo chake. Hapo kazi ya wanaume imekwisha, na wanawake huingia na majembe. Mama husimama katikati ya chumba kimoja, huchimba udongo na kuutupa juu ya nyasi zilizolazwa pande zote nne, mpaka nyasi zifunikwe. Hutawanya mbegu za maharagwe juu ya matuta hayo, kisha huchimba tena akatoa udongo wa pili na kuzifunika mbegu. Amalizapo, mahali aliposimama pamekuwa shimo, na kumzunguka pana kuta nne za udongo laini zenye nyasi tumboni na mbegu kifuani. Huhamia chumba cha pili, na cha tatu, na hivyo hivyo hata jua lichwe. Shamba la familia moja huwa na mashimo ya namna hiyo mamia kwa mamia.

Maharagwe humea kwa mvua za mwisho, na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini wakati wa baridi, hata yakavunwa mnamo Julai au Agosti. Shamba hungoja mvua mpya. Ikifika, kuelekea Desemba, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, ambayo nyasi zake kwa wakati huo zimeoza zikawa mbolea. Palizi ikifanywa, magugu hutupwa shimoni. Udongo uliokokotwa na maji huingia shimoni. Mabua ya mavuno nayo huishia humo. Mahindi huvunwa wakati wa kiangazi cha mwaka wa pili, shamba hupumzika kidogo, nyasi huota, na Machi ya mwaka unaofuata kazi huanza upya, ila safari hii mashimo hayachimbwi palepale: kilichokuwa shimo, kilichojaa mboji ya miaka miwili, hugeuka kuwa sehemu ya tuta, na palipokutana matuta ndipo shimo jipya linapochimbwa. Kwa utaratibu huo kila sehemu ya shamba hupata zamu yake ya kulisha na zamu yake ya kulishwa.

Hebu sasa tufikiri mvua kubwa inyeshapo juu ya shamba hilo. Maji yaliyotaka kuteremka mbio hukutana na shimo la kwanza yakatulia. Likijaa, yazidiyo humwagikia la pili, na la tatu, yamepunguzwa nguvu na kunyang'anywa udongo njiani. Mizizi ya mmea haizami, maana imo juu ya tuta. Mvua ikikatika, maji yaliyonywewa taratibu na ardhi yamo chini yakiungoja mmea uyatafute, na nyasi zilizozikwa huhifadhi unyevu kama sifongo. Kwa hiyo shimo lile lile humkinga mkulima na gharika na kumkinga na ukame, na tuta lile lile ni kitalu na ghala ya mbolea. Mteremko ambao mwingine angeukimbia kwa kuhofia kupoteza udongo wake, Mmatengo huulima mwaka baada ya mwaka, na wajukuu wakaukuta ungali shamba.

Walakini atakosea atakayedhani kwamba ngoro ni umbo la udongo tu. Nyuma yake pana mpango mzima wa maisha. Ardhi ya Wamatengo iligawanyika katika sehemu ziitwazo ntambo, na kila ntambo ni sehemu ya mlima, aghalabu iliyo kati ya vijito viwili, ambayo ukoo mmoja uliitunza kama dhamana: juu yake msitu wa kuhifadhi maji, ubavuni ngoro, karibu na nyumba migomba na baadaye kahawa, na bondeni bustani za kiangazi. Mtu aliyeuharibu msitu wa juu alijua ni kijito cha nani kitakachokauka chini, kwa kuwa mwenye kijito alikuwa ndugu yake. Jioni jamaa walikutana kwa mkuu wa ukoo katika kikao kiitwacho sengu, wakala chakula pamoja, na hapo ndipo mashauri yalipokatwa, vijana wakaonywa, na aliyekosa chakula akajulikana bila ya kuomba. Na kazi ilipozidi nguvu za nyumba moja, paliitishwa ngokela, ujima wa kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Ondoa ntambo, ondoa sengu, ondoa ngokela, nawe utabaki na mashimo yasiyo na wachimbaji.

Wadachi walipoishika nchi na kujenga boma lao Songea mwaka 1897, mashambulio ya zamani yalikoma, na Wamatengo wakaanza kushuka na kuenea nje ya ngome zao za mawe. Lakini amani hiyo ilikuja na dhuluma yake. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905 na kuifikia nchi ya Ungoni, serikali ya Kidachi haikupigana kwa bunduki peke yake. Ilichoma vijiji, ikateketeza mashamba na maghala, ikaifanya njaa kuwa askari wake, na waliouawa na njaa hiyo kusini mwa nchi walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi. Nataja habari hii kwa sababu hudhaniwa kwamba njaa yote hushuka kutoka mbinguni. Njaa nyingine hutengenezwa na watu, na usalama wa chakula una adui zaidi ya jua kali.

Zama za Waingereza zilileta kahawa, iliyoanza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na kwa mara ya kwanza mkulima wa milimani akapata fedha za kulipia kodi, kununua nguo na kusomesha mtoto. La ajabu ni kwamba kahawa haikuifukuza ngoro. Mkulima aliiweka karibu na nyumba, akaiacha ngoro ubavuni mwa mlima iendelee kumpa mahindi na maharagwe, akawa na mguu mmoja sokoni na mwingine ghalani. Katika miaka ya 1930, habari za tufani za mavumbi zilizoangamiza mashamba ya Marekani ziliwatia hofu watawala wa makoloni, wakaanza kuhangaikia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1938 A. H. Pike alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala iliyoeleza namna Wamatengo wanavyohifadhi ardhi yao. Jambo ambalo watawala walikuwa wakilitafuta kwa fedha na amri, milima ya Umatengo ilikuwa nalo tayari.

Laiti makala ile ingalisomwa kwa moyo uliofunguka! Maana miaka iliyofuata ilionyesha kwamba watawala walipendezwa na maarifa ya mkulima kama mtu apendezwavyo na kitu cha makumbusho, wala si kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Katika milima ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, palianzishwa mpango wa kuwashurutisha Waluguru wakate matuta ya ngazi milimani mwao. Kwa karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwa jembe ulikuwa msiba: kazi ilikuwa nzito mno, ilifanywa kwa amri na kwa hofu ya faini, na mahali pengi ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuzika ule mzuri, hata aliyetii akavuna kidogo kuliko aliyekaidi. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika huko Matombo wakapinga, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wote ukaachwa. Waluguru hawakukataa kuuhifadhi udongo wao. Walikataa kufundishwa mlima wao na mtu asiyewahi kuulima.

Kubwa kuliko hilo lilikuwa jambo la Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika juu ya mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, reli ikatandikwa, bandari mpya ikajengwa Mtwara. Wagogo, ambao waliikumbuka njaa kuu ya Mtunya ya miaka ya 1917 hata 1920, waliijua nchi yao kuwa ni nchi ambayo mvua haitumainiki. Lakini nani aliyewauliza? Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na karanga iliyoiva chini yake haing'oki. Mwaka 1951 mpango ulizikwa, umemeza takriban pauni milioni 36 za wakati ule. Mama wa Umatengo, ambaye mtaji wake wote ulikuwa jembe moja na fungu la nyasi, alivuna maharagwe yake mwaka huo kama kawaida.

Sisemi haya kwa kuibeza mashine wala kuidharau sayansi. Nasema kwamba tofauti kati ya ngoro iliyodumu na mipango iliyoanguka haikuwa katika nia ya kuhifadhi udongo au kuzalisha chakula, bali katika swali la nani aliyefikiri. Ngoro ilifikiriwa na yule yule atakayelala na njaa endapo fikira itakosea. Alijaribu padogo, akakosa, akasahihisha, akamrithisha mwanawe. Na kila kizazi kikaongeza kilichofaa. Amri haina subira ya namna hiyo.

Uhuru haukutibu kasoro hii mara moja. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliifikisha nchi mahali pa kuagiza nafaka kwa wingi kutoka ng'ambo, ikaitishwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 redio ikawafundisha watu katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Nia ilikuwa njema, na watu waliitikia. Lakini katika miaka hiyo hiyo wengi walihamishiwa vijijini kwa haraka, wakaacha mashamba waliyoyajua tabia zake. Baadaye, mwaka 1989, mapatano ya mataifa ya kulinda bei ya kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa katika miaka iliyofuata, Wamatengo waliona tena faida ya kutoyaweka mayai yote katika tundu moja: kahawa ilipowaangusha, ngoro iliwalisha.

Kwa bahati njema wako waliojifunza. Huko Shinyanga, nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa kwa kukatwa miti, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa pale ulipoacha kuwapangia Wasukuma nini cha kupanda, ukaisimamia desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kuzuia sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo isife wakati wa kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti, wala siri yake haikuwa nyingine ila kumwamini mwenye ardhi. Umatengo nako, tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikwenda kuisoma ngoro kwa miaka, wakauliza kabla ya kuagiza. Katika kijiji cha Kindimba ushirikiano huo ulizaa kinu cha kusagia kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji, jambo lililowapa watu sababu mpya ya kuulinda msitu wa chanzo cha mto, na kamati ya kukiangalia ikapewa jina la kale: sengu.

Sasa zamu yetu imefika. Mvua ya leo si ile ya wazee. Haishiki miadi yake, na ikinyesha hupenda kunyesha kwa mkupuo. Ukiitazama ngoro kwa jicho hilo utaona kwamba iliundwa kana kwamba kwa ajili ya mvua ya namna hii, maana haikuwekwa kwa kutegemea mwaka mzuri: ilipangwa kuukabili mwaka mbaya wa upande wowote. Hata mpango wake wa mazao una busara hiyo hiyo. Maharagwe huvunwa katika majira yake na mahindi katika majira yake, na janga la msimu mmoja halimalizi chakula cha nyumba.

Lakini haki yadai tuseme na upande wa pili. Ngoro ni kazi ngumu, na uzito wake mkubwa umo mabegani mwa wanawake, ambao wakitoka kuchimba huenda kuchota maji, kupika na kulea. Watu wameongezeka, ardhi ya kupumzika imepungua, na nyasi za kulaza zimekuwa haba mahali pengi. Pasipo nyasi ngoro hubaki shimo tupu. Familia nyingi zimehamia nchi za chini zenye miteremko mepesi, ambako matuta ya kawaida huchimbwa upesi zaidi. Vijana huona njia ya mjini kuwa fupi kuliko safu ya mashimo. Tena ngoro si dawa ya kila nchi: yafaa kwenye udongo wake na mteremko wake, na atakayeichukua kama ilivyo akaipeleka uwanda wa mchanga atakuwa amerudia kosa la Kongwa kwa jembe dogo. Tutakachokichukua Umatengo na kukipeleka kila mahali ni ile njia iliyoizaa: kuusikiliza mlima, kujaribu padogo, kusaidiana kazi, na kuitunza ardhi kama amana ya wasiozaliwa.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya kilimo na wenye kuandika mipango ya kuikabili tabia mpya ya nchi: kabla ya kumpelekea mkulima jibu, mwulizeni yeye alikwisha jibu nini. Mtafiti na atafute namna ya kuipunguza taabu ya jembe kwa mama bila ya kuiua ngoro. Serikali ya kijiji na ilinde haki ya ardhi ya mwenye kuitunza, mwanamke kwa mwanamume. Mwalimu wa Mbinga na awapeleke wanafunzi wake ubavuni mwa mlima, waione hesabu na sayansi ya babu na bibi zao ikiwa imeandikwa kwa udongo. Nasi tulio mijini, tuachapo kumwita mkulima mdogo mjinga, tutakuwa tumeanza kulipa sehemu ya deni letu.

Wazee waliokimbilia milimani kwa hofu ya mkuki walipewa nchi ndogo, ya mawe na ya miteremko, wakaiacha ingali ina rutuba baada ya zaidi ya miaka mia. Sisi tumepewa nchi kubwa, yenye mabonde na tambarare. Tutaulizwa tumeiachaje.